Wanaitaka Ngoma, Hawamtaki Sili

Kila mwaka, barafu ya bahari inapovunjika kuelekea mwisho wa Julai, mji mdogo wa Pond Inlet kaskazini mwa Kisiwa cha Baffin nchini Kanada huanza kupokea meli za kitalii. Wenyeji huuita Mittimatalik. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi 1,555, wengi wao sana wakiwa Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, yaani nchi za ncha ya kaskazini. Meli hutia nanga mbele ya mji, na ng'ambo ya maji kuna Kisiwa cha Bylot na milima yake iliyofunikwa barafu. Boti za mpira hushusha abiria kundi baada ya kundi, wote wamevaa makoti ya rangi moja waliyopewa melini. Wanatembezwa mtaani, wanaonyeshwa kanisa na duka, wanaingia ukumbini kutazama ngoma, wananunua kinyago cha jiwe, wanarudi botini. Ni shughuli ya saa chache. Jioni meli imeshang'oa nanga kwenda kutafuta dubu mweupe.

Safari za namna hii zimekuwa nyingi tangu barafu ya Aktiki ianze kupungua. Watafiti wamepima kwamba tangu 1979 eneo hilo limekuwa likipata joto takriban mara nne ya kasi ya dunia nzima. Njia ya bahari ya Kaskazini-Magharibi, inayopita kaskazini mwa Kanada kati ya Atlantiki na Pasifiki na iliyowaua mabaharia wengi wa Ulaya, mwaka 2016 ilipitwa na meli ya anasa Crystal Serenity ikiwa na abiria karibu 1,000, kutoka Alaska hadi New York, ikisimama vijijini njiani. Ulukhaktok, kijiji kimojawapo, kina watu wapatao 400. Mtu afikirie mwenyewe siku ambayo wageni ni mara mbili ya wenyeji na zaidi.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kuona dunia. Kinachonisumbua ni aina ya mapenzi anayokuja nayo mgeni huyu. Anasema anaupenda utamaduni wa Wainuit. Lakini utamaduni huo, ukiutazama kwa makini, ni uwindaji wa wanyama wa baharini, na wa kwanza kati yao ni sili, mnyama wa bahari za baridi mwenye mapezi na manyoya mafupi. Nchi wanazotoka wengi wa wageni hawa, yaani Marekani na mataifa ya Ulaya, zimetunga sheria zilizouvunja uchumi wa sili. Kwa hiyo mgeni anashangilia kile kinachoonekana jukwaani huku nchi yake imefunga mlango wa kile kinachokilisha.

Tuingie ukumbini tuone. Mara nyingi maonyesho huanza kwa mwanamke mzee kuwasha qulliq, taa ya jiwe iliyochongwa mfano wa mwezi mchanga. Mafuta yake ni ya sili, yamepondwapondwa mpaka yakalainika. Utambi ni pamba ya nyasi za tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, iliyochanganywa na kuvumwani, imepangwa kwa mstari kwenye ukingo ulionyooka. Mama huyo hashughuliki na moto mara moja akaondoka. Anakaa nao, anausogeza utambi kwa kijiti, anausawazisha moto usitoe moshi, usiwe mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine. Kwa karne nyingi taa hii ndiyo iliyopasha nyumba moto, ikayeyusha barafu ya maji ya kunywa, ikapika, ikakausha nguo. Katika nchi isiyo na mti hata mmoja wa kuni, mafuta ya sili ndiyo yaliyofanya watu waweze kuishi huko.

Kisha wanakuja wanawake wawili. Wanasimama uso kwa uso, wameshikana mikono, na mmoja anaanzisha sauti ya kooni, nzito, yenye pumzi ndani yake. Mwenzake anaingiza yake kwenye mwanya ulioachwa. Sauti hizo mbili zinasukana kwa kasi hata huwezi kujua ipi ya nani, mpaka mmoja aishiwe pumzi au aangue kicheko, na hapo ameshindwa. Ni mchezo waliocheza wanawake wakati waume wako mawindoni. Wamisionari waliukandamiza katika sehemu nyingi kwa kuuona wa kipagani, na uliorudi leo umerudi kwa sababu wazee waliokuwa bado wanaukumbuka waliamua kuwafundisha wasichana. Ngoma nayo ilipitia hayo hayo. Ile ya Greenland, kisiwa jirani cha Wainuit kilicho chini ya Denmark, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na nchi nzima ilikuwa na haki ya kufurahi.

Sasa angalia miguuni pa waimbaji. Viatu vyao, kamiik, ni vya ngozi ya sili. Ningependa wasomaji wangu washonaji, hasa mafundi wa ngozi, walione hili. Ngozi inaparuliwa mafuta kwa ulu, kisu cha wanawake chenye makali ya nusu duara, kisha inawambwa kwenye fremu ikauke. Mshono wa kiatu cha majini hupigwa mara mbili, na katika kila mshono sindano haipenyi ngozi zote mbili hadi upande wa pili. Inatoboa moja yote, ile nyingine inapita katikati ya unene wake tu, hivyo hakuna tundu linalovuka. Uzi ni wa ukano wa mnyama, ambao ukilowa unavimba na kuziba nafasi iliyobaki. Mshono huu ukiharibika, mwindaji anayetembea juu ya barafu anaweza kupoteza vidole. Fundi aliyeujua vizuri alikuwa ameishika roho ya mumewe mkononi, na ndiyo maana wasichana waliupokea kwa nidhamu kubwa.

Ujuzi huu haufundishwi bila ngozi. Ngozi haipatikani bila mwindaji, na mwindaji siku hizi hatoki bila petroli. Hapa ndipo siasa ya mbali inapoingia jikoni mwa mtu.

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda mamalia wa baharini. Pamoja na mema yake mengi, sheria hiyo inakataza kuingiza nchini bidhaa za sili, nyangumi na walrasi. Miaka mitano baadaye mwigizaji wa Ufaransa Brigitte Bardot alikwenda kupiga picha kwenye barafu ya Kanada mashariki, ambako wafanyabiashara wa ngozi walikuwa wakiua vitoto vyeupe vya sili kwa marungu. Picha hizo ziliisisimua Ulaya, na mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku ngozi za vitoto hivyo. Wainuit hawakuwa wakiwinda vitoto hivyo vyeupe. Wao huwinda zaidi sili aliyekomaa wa madoa ya duara, ambaye idadi yake inahesabiwa kwa mamilioni, na nyama yake yote huliwa. Sheria yenyewe iliandika kwamba uwindaji wa jadi wa Wainuit haumo. Lakini mnunuzi wa koti mjini Paris hakusoma kifungu cha msamaha. Alichojua ni kwamba ngozi ya sili ni aibu. Bei zikaanguka, na zilianguka kwa wote.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliongeza marufuku kuhusu bidhaa zote za sili, mara hii tena ukiwaachia Wainuit mlango. Mashirika ya Wainuit yalikwenda mahakamani kupinga, yakashindwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilifunga shauri lao la kwanza. Mwaka uliofuata tawi la Kanada la Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, liliwaomba radhi Wainuit kwa madhara yaliyoletwa na kampeni zake dhidi ya biashara ya sili. Niliheshimu hatua hiyo. Lakini radhi haikurudisha soko.

Ni rahisi kusema kwamba hawa watu wangeendelea kuwinda kwa ajili ya chakula na kuacha biashara. Ndivyo wanavyosema wengi wenye nia njema. Hawajui namna uwindaji unavyofanya kazi leo. Serikali ya Kanada iliwakusanya Wainuit katika miji ya kudumu hasa kuanzia miaka ya 1950 na 1960, watoto wakapelekwa shule, mbwa wengi wa kuvuta sleji wakauawa na polisi. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2019 kwa mauaji hayo ya mbwa katika eneo la Qikiqtani, ambamo Pond Inlet imo. Mwindaji aliyebaki bila mbwa alilazimika kununua pikipiki ya theluji, petroli, vipuri na risasi. Alivilipia kwa ngozi. Sili mmoja alikuwa nyama kwa familia na pesa ya safari inayofuata. Ngozi ilipokosa bei, safari ilikosa mafuta, na nyama ikapungua mezani hata kwa yule ambaye hakuwa na nia ya kuuza chochote Ulaya.

Nyama ikipungua, kinacholiwa ni cha dukani. Nunavut, jimbo la Wainuit lililoanzishwa tarehe 1 Aprili 1999, lina vijiji na miji 25, na hakuna hata mmoja uliounganishwa kwa barabara na Kanada ya kusini. Mizigo mizito huletwa na meli majira ya kiangazi tu, na mboga, maziwa na matunda huja kwa ndege, hivyo bei yake inamshinda mtu wa kawaida hata serikali ikitoa ruzuku. Takwimu za Kanada za 2017 hadi 2018 zilionyesha kwamba asilimia 57 ya kaya za Nunavut hazikuwa na uhakika wa chakula. Hiyo ni nchi tajiri, mwanachama wa G7. Mtalii anayepewa kipande cha maktaaq, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, akakitafuna kwa tahadhari huku mwenzake akimpiga picha, anaonja chakula kilichowapa watu wa huku vitamini C mahali ambapo chungwa halijawahi kuota. Anaonja pia kitu ambacho kaya nyingi mjini hapo hazikipati kama zinavyokihitaji.

Nirudi kwenye meza ya biashara pale nje ya ukumbi, maana mambo yote haya hukutana pale. Kuna glavu za ngozi ya sili, zimeshonwa kwa mkono, ndani zina manyoya. Mama aliyezishona amekaa nyuma ya meza. Abiria kutoka Marekani anazivaa, anazipenda, anaulizia bei, kisha kiongozi wa msafara anamkumbusha kwamba forodha watazichukua. Anazivua. Mjerumani aliye nyuma yake anaruhusiwa kwenda nazo kama ni za matumizi yake mwenyewe, ila wengi wao hawana uhakika na sheria, na wengine wana ile aibu ya tangu 1983, kwa hiyo naye anachukua kinyago cha jiwe. Kinyago ni kizuri, sikatai, na wachongaji wa Nunavut wanajulikana duniani kwa haki. Lakini mtu aliyekuja kwa gharama kubwa kuona utamaduni wa watu wa sili ameondoka bila sili, kwa sababu nchi yake haimruhusu au moyo wake haumruhusu.

Wanaotetea meli huniambia kwamba zinaleta pesa. Zinaleta, kiasi. Ukumbi unalipwa kwa onyesho, waongozaji wanapata ujira, wachongaji wanauza. Katika mji wenye ajira chache si jambo la kudharau, na mtu wa Zanzibar au Mombasa anayeishi kwa wageni hahitaji kufundishwa umuhimu wake. Ila meli ya kitalii ni hoteli yenyewe, mkahawa wenyewe na baa yenyewe. Abiria hulala humo na kula humo. Kinachobaki ufukweni ni sehemu ndogo ya kile alicholipa, na siku hali ya hewa ikichafuka meli inapita bila kusimama, wakati wanawake wameshapika mkate na kupanga vitu vyao mezani.

Kuna na gharama zisizoandikwa kwenye risiti. Wakati wa meli ndio huo huo wakati wa narwali, nyangumi yule mwenye pembe moja ndefu, anapoingia katika maji yaliyo mbele ya Pond Inlet. Narwali husikia kelele za injini kutoka mbali na huzikimbia. Mji huu tayari una meli kubwa zinazobeba madini ya chuma kutoka mgodi wa Mary River zikipita katika maji hayo hayo, na wawindaji wamelalamika kwa miaka kwamba nyangumi wanahama. Kila meli ya kitalii inaongeza kelele juu ya kelele. Sielewi mantiki ya kumfukuza mnyama asubuhi na kwenda mchana kutazama ngoma ya watu wanaomtegemea.

Hatari pia huangukia wenyeji. Septemba 2023 meli ya Ocean Explorer ilikwama katika ghuba ya Alpefjord, kaskazini-mashariki mwa Greenland, ikiwa na watu 206. Meli ya jeshi la majini la Denmark iliyotumwa kusaidia ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Iliyofika na kuivuta, baada ya siku tatu, ilikuwa Tarajoq, meli ya utafiti wa samaki ya Greenland. Bahari ilikuwa tulivu, na kila mtu alitoka salama. Mji ulio jirani zaidi katika pwani ile ni Ittoqqortoormiit, wenye watu mia tatu na kitu, ambao wenyewe wamezingirwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka. Kama watu 206 wangefikishwa kwao wakiwa wamelowa na wameumia, mji ule ungewalaza wapi na kuwatibu na nini? Mwenye kampuni anapopanga njia yake, swali hilo halimo katika bei ya tiketi.

Kuna kijiji kimoja ambacho kila ninaposoma kuhusu meli zinazokitembelea hunishika moyo. Ni Grise Fiord, kwenye Kisiwa cha Ellesmere, makazi ya raia yaliyo kaskazini kuliko yote Kanada. Vijitabu vya watalii hukisifu kwa milima na upweke wake. Watu wake wa kwanza hawakuchagua upweke huo. Mwaka 1953, na tena 1955, serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, kilomita karibu 2,000 kuelekea kaskazini, zikapelekwa Grise Fiord na Resolute. Waliahidiwa wanyama tele na haki ya kurudi kwao baada ya miaka miwili. Walikuta giza la miezi kadhaa ambalo hawakuwahi kuliishi, wanyama tofauti, na mahema kwa ajili ya majira ya baridi kali. Familia chache za Pond Inlet zilipelekwa pamoja nao ziwafundishe namna ya kuishi huko. Ndugu walitenganishwa njiani wakiwa melini, wengine wakishushwa huku na wengine kule. Ahadi ya kurudi haikutimizwa. Wengi wanaamini waliwekwa pale wawe alama ya kwamba ardhi ile ni ya Kanada, wakati wa mvutano wa vita baridi. Serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2010, na mwaka huo huo ilizinduliwa sanamu Grise Fiord, kazi ya mchongaji Looty Pijamini: mwanamke na mtoto wake, na mbwa kando, wanatazama baharini. Kule Resolute kuna mwanamume peke yake, kazi ya Simeonie Amagoalik, ambaye alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Sanamu hizo ziko wazi, mtalii yeyote anaweza kuzifikia kwa miguu. Natamani kila kundi linaloshuka pale lipelekwe kwanza kwenye sanamu, liambiwe habari yote na mtu wa kijijini, ndipo liende kwenye ukumbi.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Meli haifiki siku ya tatu. Haifiki hata ya pili. Mgeni wake habadiliki kuwa mtu wa kazi, wa kukosea na kusahihishwa, wa kuchoka pamoja na wenyeji, na mimi naona hapo ndipo elimu yote ya safari inapopotea.

Waafrika tunao mfano wetu wa ugeni wa aina ya pili. Tété-Michel Kpomassie alizaliwa Togo mwaka 1941. Akiwa kijana aliona katika duka la vitabu mjini Lomé kitabu chenye habari za Greenland, akaamua kwamba lazima afike. Ilimchukua miaka minane, akifanya kazi na kuhama kutoka nchi hadi nchi, Ghana, Senegal, Ufaransa, Ujerumani, Denmark, mpaka 1965 aliposhuka kusini mwa Greenland. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja. Alilala katika nyumba za watu, akala nyama ya sili na mafuta yake mabichi, akajifunza lugha, akajifunza kuendesha mbwa na kuvua samaki kupitia tundu la barafu, akapanda kaskazini hadi Upernavik ambako mzee mmoja alimkaribisha katika nyumba ya udongo wa majani. Baadaye aliandika yote hayo kwa Kifaransa, pamoja na ulevi, wivu, njaa na ukarimu aliouona. Hakuwafanya watu wale malaika. Aliwaona hivyo walivyo kwa sababu aliishi nao muda wa kutosha wakachoka kumwonyesha mambo mazuri tu.

Nao Wazungu waliopita huko wametuachia ushahidi ule ule. John Franklin aliondoka Uingereza mwaka 1845 na meli mbili kuitafuta ile njia ya Kaskazini-Magharibi, wakafa wote 129, baada ya kukwama katika barafu ya nchi ambayo Wainuit walikuwa wakiishi na kuzaa. Simulizi za Wainuit kuhusu mahali meli zilipozama zilidharauliwa kwa zaidi ya karne moja, hadi zilipopatikana, ya kwanza 2014 na ya pili 2016, katika maeneo ambayo simulizi hizo ziliyaelekeza. Roald Amundsen wa Norwe yeye alitia nanga Gjoa Haven mwaka 1903, akakaa karibu miaka miwili akijifunza kwa Wainuit wa Nattilik kuvaa ngozi za kulungu wa Aktiki na kuendesha sleji za mbwa. Akaivuka njia iliyomshinda Franklin, na elimu ile ile ikamfikisha Ncha ya Kusini mwaka 1911. Watalii wa leo wanasimuliwa sana habari za Franklin. Gjoa Haven kina kituo chake cha urithi wa Nattilik, na huko ndiko ningeanzia mimi.

Si kila mtu anaweza kukaa mwaka, najua. Lakini kati ya saa chache na mwaka kuna nafasi kubwa. Juma moja katika nyumba ya wageni ya mjini, chakula kikinunuliwa mjini, mwongozaji akilipwa moja kwa moja, lina faida kwa mwenyeji kuliko kundi zima la boti za mpira. Tangu Novemba 2024 ndege kubwa zinatua Nuuk, mji mkuu wa Greenland, kwa hiyo hata hoja ya kwamba njia ni meli peke yake imedhoofika kwa upande huo. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye nia ya kwenda ajue mapema kwamba viza ya kawaida ya Schengen haimfikishi Greenland, lazima iandikwe wazi kwamba inatumika huko.

Greenland yenyewe imeanza kuonyesha njia. Novemba hiyo hiyo ya 2024 bunge lake lilipitisha sheria ya utalii inayotaka theluthi mbili ya umiliki wa kampuni zinazofanya biashara hiyo iwe mikononi mwa wanaoishi na kulipa kodi nchini. Kampuni za nje zimelalamika. Mimi naiunga mkono, kwa kuwa bila sheria ya namna hiyo mwenyeji hubaki mcheza ngoma katika biashara ya mwingine, jambo ambalo sisi wa pwani tumeliona kwenye bustani za hoteli zetu kwa miaka mingi. Norwe nayo, kuanzia Januari 2025, imezuia meli zenye abiria zaidi ya 200 kuingia maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard, visiwa vyake vya Aktiki. Uamuzi mzuri. Ila Svalbard haina wenyeji wa asili, kinacholindwa pale ni dubu, ndege na nyasi. Kama idadi ya abiria inaweza kupunguzwa kwa ajili ya dubu, sioni kwa nini mji wa watu 1,555 usipewe mamlaka kamili ya kusema: wiki hii ya narwali hatupokei meli, wiki ijayo tunapokea moja, na si zaidi ya watu kadhaa. Leo uamuzi mkubwa huwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Mwaka 2020 na 2021 Kanada ilizifungia meli za kitalii bahari ya Aktiki kwa sababu ya UVIKO-19, na ikazifungulia ilipoona inafaa. Mamlaka ya kufunga yapo, yanahitaji kuhamia kwa wawindaji wa mji wenyewe, ambao ndio wanaojua nyangumi wamefika lini.

Na kuhusu sili, hakuna haja ya kubuni kitu kipya. Sheria ile ile ya Marekani ya 1972 inawaruhusu wenyeji wa asili wa Alaska kuwinda mamalia wa baharini kwa ajili ya chakula na kutengeneza kazi za mikono na kuziuza. Mwanamke Muinuit wa Alaska anaweza kumuuzia mtalii glavu za sili, naye akarudi nazo Chicago bila kuulizwa. Ndugu yake wa Pond Inlet, wa lugha za jamaa moja na mshono ule ule, hawezi. Bunge la Marekani linaweza kuupanua ule msamaha ufike kwa Wainuit wa Kanada na Greenland, kwa kazi za mikono zenye hati ya asili yake, bila kumweka hatarini mnyama ambaye tishio lake kubwa ni kuyeyuka kwa barafu anamozalia. Umoja wa Ulaya, ambao tayari una mlango wa msamaha, unaweza kugharamia kuutangaza kwa wanunuzi wake kwa nguvu ile ile iliyotumika kuifanya ngozi ya sili kuwa aibu. Kampuni za meli zina wateja wenye pesa na wenye sauti katika miji mikuu hiyo yote. Zianze kwa kuwaandikia wabunge wao.